Mawe Yaliyovunjika Kabla Hayajapimwa

Kioko, baba,

Mambo ya soksi, dawa ya malaria na kujiepusha na watu wa kamari nimeyaruka. Unayajua, na usipoyajua dunia itakufunza, haichoki kufunza. Blanketi nimekutilia chini kabisa ya begi. Chai ya huko bara utaikuta ina maziwa mengi, utanenepa. Basi, hayo yamekwisha.

Umevuka kwenda Manda kuwaaga wenzako pale Maweni, na ulipokuwa unatoka ulisimama mlangoni ukaniuliza, "Mathe, ile karatasi umesaini?" Nikakwambia nenda, mashua isikuache. Hukulipenda jibu hilo, nimekuona. Mimi pia sikulipenda. Karatasi iko hapa mezani, nimeiwekea bakuli la sukari juu ili upepo usiichukue, na kalamu hii ninayokuandikia ndiyo hiyo hiyo ya kusainia. Nakuandikia kwa sababu nikisema kwa mdomo utanibishia kwa hesabu, na kwa hesabu wewe unanishinda. Nikishindwa nitanyamaza, na nikinyamaza utadhani nimekubali.

Acha niyaweke mambo mahali pamoja, hata kama unayajua. Bwana Fadhili amekodi machimbo pale Maweni. Anataka kulifungua tena lile pango la zamani, vijana waingie chini ya mwamba wakate mawe mazuri yaliyo ndani, na mwamba wenyewe uwe paa juu ya vichwa vyao. Ameambiwa alete karatasi ya maabara inayosema kwamba mwamba una nguvu ya kutosha. Maabara ni mimi. Kupima umepima wewe, katika mazoezi yako, na namba yako imetoka nzuri. Shemeji yake Bwana Fadhili ndiye aliyekupa kazi kwenye lile handaki la maji huko milimani. Vijana wa kundi la kwanza wamekwishaambiwa waje kazini kesho alfajiri, karatasi itawakuta huko huko, na Ouma rafiki yako yumo.

Hakuna mtu aliyesema kitu hiki ni malipo ya kitu kile. Bwana Fadhili ni mstaarabu. Alikuja hapa akanywa kahawa, akasema, "Mama Kioko, mtoto ni wetu sote, akifanikiwa yeye na sisi tumefanikiwa." Halafu akaitazama karatasi. Mimi si mjinga, na yeye anajua kwamba mimi si mjinga, ndiyo maana hakuongeza neno.

Na mimi nataka uende. Hilo lishike kabla hujasoma mengine. Nataka uende mpaka naona aibu. Tangu umalize chuo nimekutazama ukikaa kwenye baraza na simu, ukiandika maombi ya kazi kwa watu wasiojibu hata kwa kukukataa. Nimekuona ukibeba masanduku ya wageni wanaotoka uwanja wa ndege, unarudi bega limechubuka na unasema hujachoka. Siku ile ulipopigiwa simu kuhusu handaki ulinibeba juu juu, mama mzima, mpaka Bi Rukia, mwenye nyumba wetu, akatoka kuuliza kuna nini. Nilipiga kelele uniteremshe. Sikutaka uniteremshe.

Sasa nije kwa habari ya baba yako. Uliisikia kwa watoto wa Maweni kabla sijakwambia, na nilipokuja kukwambia ulinitazama kama mtu anayeletewa gazeti la juzi. Unajua kwamba mwamba wa pango lile ulimwangukia Musyoka, baba yako, pamoja na Ochieng, baba yake Ouma. Unajua ilikuwa masika. Unajua aliyesema mwamba ni mzima ni mimi. Hayo yote Maweni haikukuficha. Lakini jinsi nilivyofika mpaka nikasema hivyo hukuelezwa yote; nilikuonya hili na lile la kazi, lakini nikiulizwa habari ya siku ile nilikuwa nasema "nilikosea" naishia hapo. Kukosea ni neno pana, Kioko. Mtu anaweza kujitandikia humo akalala.

Njia ya haki ya kujua nguvu ya jiwe unaijua. Unalichonga likawa kama mkebe, unaliweka kwenye mashine kubwa, unalibana mpaka lipasuke, unasoma. Mashine hiyo haikuwa Lamu. Ilikuwa Mombasa, na mawe yalikuwa yasafiri kwa basi, basi lenyewe lingoje msafara wa polisi, na siku njia ikifungwa mawe yalale Witu pamoja na abiria. Tena jiwe letu la matumbawe ukianza kulichonga kwa mashine, nusu yake inabaki unga sakafuni. Kwa hivyo tulikuwa tunatumia kilichopo.

Kilichokuwepo ni nyundo ya kudunda. Uliichezea ukiwa mdogo ukidhani ni pampu ya baiskeli. Unaikandamiza kwenye mwamba, springi inafyatuka, chuma kinagonga na kurudi nyuma, na kadiri kinavyorudi ndivyo namba inavyopanda. Jiwe gumu linarudisha, jiwe laini linameza. Halafu unafungua chati, na chati inakwambia jiwe linalodunda hivi, kwa kawaida lina nguvu hivi. Kwa kawaida. Maneno hayo niliyasoma nikayapita, kama unavyompita mtu usiyetaka kumsalimia.

Wewe ni mtoto wa Amu, hata kama damu ni ya Ukambani. Unajua jiwe la matumbawe likitoka ardhini ni laini, utalikata kwa shoka, na likikaa nje likapigwa na jua na chumvi linafanya gamba gumu. Ndiyo maana mafundi wa hapa hawajengei jiwe la jana. Bi Rukia alipotaka kutujengea jiko uani, mawe yalikaa pale nje mpaka nikamuuliza kama ameghairi. Akaniambia, "Wata yaive, yaache kwanza, Mama Kioko, una haraka ya nini?" Yaive, kama ndizi! Nilicheka siku nzima. Basi jambo hilo nililijua kama ninavyolijua jina langu. Na siku niliyokwenda kuupima ule mwamba niligonga wapi? Usoni, nje, pale palipokuwa juani tangu machimbo yaanze, pameiva mpaka pameiva tena. Nyundo ilidunda mpaka kiganja kikauma. Habari ya gamba nilikuwa nimeiweka akilini kwenye kabati la kuta. Haikunijia kwamba paa nalo ni jiwe.

Hilo la gamba utasema umeshalisikia. Hili hujalisikia. Niligonga pia ndani kidogo, karibu na ufa, na nyundo ikameza. Nikahamia kando, ikameza tena. Kitabu kinasema kipimo kilicho mbali sana na wenzake kitupwe, maana huenda umegonga tundu au mchanga. Ni sheria nzuri, imeandikwa na watu wenye akili. Nikatupa. Zilizobaki nikazijumlisha, zikatoka nzuri, nikafurahi. Nilifurahi kwa sababu nilikuwa nataka zitoke nzuri. Baba yako alikuwa amekaa bila kazi muda mrefu, amekuwa mtu wa kununa na kumfokea hata paka, na pango likifunguliwa angeingia yeye.

Sikudanganya. Hapo ndipo panaponiuma. Ningekuwa nimedanganya ningejua pa kuanzia kutubu. Nilimwendea padri, akanisikiliza vizuri, akaniuliza dhambi yenyewe ni ipi hasa, nikashindwa kuitaja. Nilifuata kitabu nikaua watu wawili.

Musyoka aliingia wa kwanza. Si kwa ushujaa, kwa maringo. "Mke wangu amelipima hili," ndivyo alivyowaambia wenzake, akaupiga mwamba kofi kama mtu anayemsifu ng'ombe wake. Ochieng akamtania, akamwambia basi wewe tangulia, ukipondwa mkeo atatupigia hesabu. Wakacheka wote. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimewaletea uji, na mimi nikacheka. Walifanya kazi humo kiangazi chote bila hata punje kuanguka, na mimi nikawa natembea kichwa juu pale Maweni. Halafu mvua ikaja. Jiwe lile linakunywa maji kama mahamri kwenye chai. Nililipima kavu, na likaanguka limelowa.

Jinsi walivyotolewa sitakueleza. Nitakueleza kitu kimoja tu. Kipande kilichokuwa juu ya kifua cha baba yako nilikishika mimi, na kona yake ikamomonyoka vidoleni kama mkate mkavu. Nikasimama pale nikikisaga, nikikisaga, watu wakaona nimerukwa na akili, wakaniondoa kwa kunivuta. Akili nilikuwa nayo. Nilikuwa nafanya kazi, Kioko. Hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyolipima jiwe lile.

Mama Ouma alikuja matangani. Akakaa mkekani karibu yangu, miguu ameinyoosha, hakulia. Akasema, "Wewe una namba ya kulaumu, Mama Kioko. Mimi namlaumu nani?" Tumeishi hivyo. Tunasalimiana sokoni, nyinyi watoto mlicheza mpira pamoja na kulala nyumba hii na ile, na mimi na yeye hatujawahi tena kukaa mkeka mmoja.

Usidhani nilibaki kwenye kazi hii kwa moyo wa kuokoa watu. Nilibaki kwa sababu ulikuwa unakula. Lakini kwa kuwa nilibaki, nikawa mtu mbaya wa kuuliza. Nilianza kufanya hivi: kila nikipima jiwe la Manda kwa nyundo au kwa kibano, nalikatia ndugu yake, kipande cha ubavuni mwake, nampeleka Mombasa akapondwe kwenye mashine kubwa. Nilipigiwa kelele. "Mama, sasa kipimo rahisi kina rahisi gani?" Nikaendelea kupeleka. Kila jiwe lililopondwa nilitia nukta kwenye karatasi, huku kipimo rahisi, huku nguvu yenyewe. Nilidhani nukta zitajipanga mstari, kama zinavyojipanga kwenye vitabu. Zikatawanyika kama mtama waliomwagiwa kuku. Mawe mawili yanadunda sawa sawa, moja lina nguvu maradufu ya mwenzake. Ndipo nikaelewa kwamba ile chati niliyoifuata ilichorwa kwa mawe ya watu, mawe ya milimani yaliyoshikana, na mimi nililivalisha jiwe letu nguo iliyoshonewa mtoto mwingine.

Lakini usije ukafika huko ukawa mtu wa kudharau nyundo, eti mama alisema. Sikusema. Maskini hupima kwa alicho nacho, na sisi tungengoja mashine kubwa tusingejenga hata choo. Wakati mwingine ndoo na mizani vinatosha: lipime jiwe kavu, lilaze majini, lipime tena, uone limekunywa kiasi gani. Jiwe la kunywa sana usiliweke juu ya mtu. Kipimo rahisi hakisemi uongo. Kinajibu swali dogo ulilokiuliza. Sisi ndio tunalichukua jibu dogo, tunalivika kanzu na kilemba, tunaliketisha mbele ya watu.

Sasa nije kwako.

Ulifanya kazi nzuri, nasema kweli, na sisemi hivyo ili nikulainishe. Ulivunja gamba lote kabla ya kuchukua mawe. Ulichukua ya ndani. Uliyalaza kwenye beseni la kufulia la Bi Rukia mpaka akalalamika kwamba nyumba imegeuka machimbo. Uliyapima yamelowa, kwenye kibano chetu kidogo chenye meno mawili, kile kinacholifinya jiwe mpaka linapasuka kati. Nilikuwa nakutazama kutoka dirishani nikajivuna. Nilisema moyoni, huyu hatalala ninavyolala mimi. Kila nilichokuonya umekiepuka.

Leo mchana, baada ya wewe kumaliza, nikafagia maabara. Nyuma ya mlango nikakuta ndoo. Nikadhani ni takataka ya wiki iliyopita, nikaishika kuimwaga, ikanishinda uzito. Ndani ni changarawe, unga, na vipande vilivyolowa. Ulikuwa pale unafuta kibano na mafuta. Utakumbuka tulivyosema, lakini nitaandika, maana nadhani wewe hukusikia nilivyosikia mimi.

"Hii ni nini?"

"Hizo? Zilivunjika."

"Kwenye kibano?"

"Zii, mkononi. Zingine nikizitoa tu majini zinaachana. Hizo si sampuli, Mathe, kibano hakikuzishika. Hazihesabiki."

"Nani kasema hazihesabiki?"

"Iko kwa kitabu."

Na ukaendelea kufuta, unapiga mluzi. Mimi nilikaa kwenye ile stuli mbovu, ndoo mbele yangu. Ukaniuliza kama ni presha. Nikasema ni presha.

Baba, ulipima mawe yaliyokubali kupimwa. Yaliyokataa uliyatia kwenye ndoo. Na yaliyokataa ni ya mwamba ule ule, ubavu ule ule, na kesho ndiyo yatakayokuwa juu ya kichwa cha Ouma, hayatauliza kama yalihesabiwa au la. Namba yako nzuri ni namba ya mawe mazuri. Kumbe ungenipa ndoo ile peke yake, bila kibano, bila hesabu yoyote, ningekwambia mara moja watu wasiingie. Jiwe linaloachana mkononi limeshajibu.

Sikukasirika na wewe. Nilikasirika na mimi. Nilidhani nimekupa makosa yangu yote uyajue, moja baada ya jingine, gamba na maji na chati ya watu. Lile la kutupa nililificha, kwa sababu lilikuwa ndilo la aibu, nalo likakufikia bila kupitia kwangu. Ningekwambia ukiwa na umri wa kuanza chuo kwamba mama yako alitupa namba asizozipenda na kitabu kikamruhusu, leo ungeitazama ndoo mara mbili. Basi nimekwambia leo. Nimechelewa.

Huko uendako, kama bado utakwenda, watakupa vifaa vizuri kuliko vyetu na haraka kubwa kuliko yetu. Handaki halina subira, kila siku watu wanalipwa wamesimama. Mtu atakuja na uso wa upole akuulize namba. Mpe, ni kazi yako. Lakini kabla hujampa zunguka nyuma ya mlango uone kilichotupwa, na umwambie na hicho. Atakuchukia kidogo. Na ukijiona unafurahi namba imetoka nzuri, kaa chini unywe maji kwanza. Sina jingine la kukufunza, mengine utajua wewe.

Nilipotoka maabara nilirudi nyumbani nikakupikia wali wa nazi na samaki, ukala, ukasifu, na mimi sikukwambia kitu. Nilikuwa nafikiria nichelewe. Nikuambie ukweli wa tumbo langu: nilifikiria niiweke karatasi siku chache tu. Nijifanye mgonjwa. Wewe ufike, uandikwe kazi, upewe kitanda na kofia, shemeji akuone ulivyo mchapakazi, halafu ndipo nimpelekee Bwana Fadhili jibu. Nani angejua? Nilikuwa nimeshaamua hivyo, hata moyo ukatulia, nikaanza kukukunjia mashati.

Ndipo ukatoka bafuni ukasema unakwenda Maweni kumuaga Ouma, kwa sababu kesho ataingia kazini mapema hamtaonana. Ulisema hivyo huku unajifuta kichwa na taulo. Ukasema, "Leo ako na furaha, ameshaanza kumwambia mtoto wake atamnunulia baiskeli." Nikakwambia umsalimie.

Nimeisaini karatasi, Kioko. Lakini kwanza nimeandika chini ya hesabu zako, kwa mkono wangu: vipande vingi vilivunjika kabla ya kupimwa, namba hii si ya mwamba, watu wasiingie chini yake. Jina lako sikulifuta, maana kazi uliifanya na uliifanya kwa bidii. Nimeandika kwamba mkubwa wa maabara ni mimi na neno hili ni langu.

Bwana Fadhili akiisoma atampigia shemeji yake simu. Huenda asipige, watu wana utu. Mimi nadhani atapiga. Utafika huko milimani na begi lako, uambiwe nafasi imepata mtu. Sitalizungusha hilo, sitasema Mungu ana mpango. Mama yako amekuharibia kazi uliyoililia, na amekuharibia akiwa na akili zake. Usiteremke njiani kwa hasira. Fika, wasimamie usoni, waseme wao wenyewe. Wakikukataa, rudi. Ukitaka kurudi na usiniongeleshe, rudi hivyo hivyo, chakula utakikuta kwenye sufuria.

Karatasi peke yake siiamini. Nimeona karatasi zikikaa mfukoni mwa mtu mpaka jioni. Mashua yako ya Mokowe, ya kukuvusha bara, inaondoka saa ile ile ambayo vijana wanaingia kazini, na mimi siwezi kuwa mahali pawili. Kwa hivyo kesho sitakuja jetini. Nitavuka na wachimbaji wa kwanza, nikakae mdomoni mwa pango, wakitaka kupita wapite juu yangu. Ouma atanifokea. Ana mtoto, na atasema Mama Kioko umetumaliza mara mbili, mara ya kwanza kwa kutuingiza, mara ya pili kwa kutuzuia. Labda mama yake atakuwa nyuma yake. Nitakaa tu.

Bi Rukia atakusindikiza badala yangu. Atakusomea dua ndefu pale pale mbele za watu, na wewe uinamishe kichwa uitikie amina, usijifanye mtu wa kanisa sana.

Nilikuwa nimengoja kukuona ukipanda ile mashua tangu ukiwa mtoto wa kushikwa mkono. Lile gauni langu la kanisani nimelipiga pasi jana, la kukusindikizia. Sina jingine lililo safi. Nitalivaa Maweni.

Mimi, mama yako,
Mwikali